Kalamu Dazeni Moja

6 Februari

Binti yangu,

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika imelowa pembe moja lakini inasomeka. Nimeipa saba kwa kumi. Umeandika "hari ya hewa" mahali pawili, na darasa la tatu nilikufundisha mimi mwenyewe, kwa hiyo aibu tunagawana.

Sisi hatujambo. Mama yako anakohoa ila anakataa kwamba anakohoa. Goti langu la kushoto limegoma kabisa. Safari ya kuja huko kwenye duka lenu la bunduki siiwezi tena mwaka huu, labda nibebwe kama gunia, ndiyo maana nakuandikia mambo ya kazi yako.

Nguruwe pori wamerudi. Walianza ng'ambo ya mto, sasa wamevuka. Mahindi bado hayajapita magoti lakini wao hawana haraka, wanapita wakikagua kama maofisa. Unajua upande wetu huu bunduki yenye leseni ni moja tu, hii yangu, na majirani wote wananitegemea. Juzi alikuja Fundi Cherehani, yule mjane wa nyuma yetu, akakaa kwenye benchi akasema, "Mwalimu, mwaka huu nimepanda mpaka mlangoni. Nakutazama wewe na hilo bomba lako." Nikamwambia alale bila wasiwasi. Alipoondoka nikafungua kabati nikahesabu risasi. Zimebaki mbili, na moja ina kutu kwenye kitako.

Kibali changu kipo kwenye faili lenu: risasi kumi na mbili kwa msimu. Niwekee hizo. Baba yako mdogo anasema mtu wa miaka sabini na mbili hafai kushika bunduki, na kwamba yeye ana sitini tu. Nimemwambia asubiri zamu yake.

Baba yako,
Mwalimu (mstaafu, lakini kalamu nyekundu bado ninayo)


15 Februari

Baba, shikamoo.

Hali ya hewa huku ni joto. Umeona? Hali.

Barua yako nimeisomea nyuma ya kaunta, maana siku hizi nafasi ya kusoma ipo. Lile kabati la kioo lililokuwa linajaa mpaka maboksi mengine tunayapanga sakafuni, leo lina chupa tatu za mafuta ya bunduki, brashi za kusafishia na kalenda ya mwaka jana. Mzigo ulitakiwa uje Novemba. Ukasogezwa Januari. Sasa wakala hapokei simu. Bei imeshapanda mara mbili tangu mwaka uanze.

Na watu walivyo, waliposikia hakuna ndipo wote wakataka. Mtu ambaye hajapiga risasi hata moja miaka sita anataka kununua za miaka sita ijayo. Foleni inaanza kabla sijafungua mlango. Juzi mlinzi wa benki na mwenye shamba la kuku nusura washikane mashati kwa ajili ya boksi moja, na boksi lenyewe halikuwa saizi ya bunduki ya yeyote kati yao. Daktari wa meno, yule anayelenga sahani za udongo klabuni kwa mchezo kila Jumapili, anapita kila mchana akiuliza kwa upole kama kuna chochote nimeficha. Namjibu sijaficha. Anatabasamu kwa meno yote thelathini na mawili.

Kumbe nimeficha. Kabla Bosi hajabadilisha bei nilitoa kumi na mbili zako kwa bei ya zamani, nikaziandikia risiti, nikazifunga kwenye karatasi ya kaki na kubandika kikaratasi chenye jina "Mwalimu". Ziko kwenye droo yangu chini ya vitabu vya risiti. Ukipata fedha utatuma. Mahindi yako yako salama.

Mwambie mama anywe dawa.

Binti yako wa dukani


26 Februari

Binti yangu,

Tisa kwa kumi. Ningekupa kumi, lakini umejisifu kwenye mstari wa kwanza.

Fedha anazo huyu dereva wa lori la mbao aliyekuletea barua. Zihesabu mbele yake. Ni mbuzi wa mama yako, yule mweupe mwenye pembe moja. Mama yako alikubali, ila siku hiyo alipika bila chumvi.

Sasa nisikilize vizuri. Bwana Misitu, mwenye ile bunduki ya ofisi kule ng'ambo ya mto, alitumiwa boksi lake kwa basi wiki iliyopita. Lilifika ofisi ya vifurushi limechanwa kwa wembe na kushonwa tena, ndani mna kokoto. Sababu ni kwamba aliyelituma aliandika yaliyomo kwenye karatasi ya nje. Siku hizi hicho kitu kinaibwa kuliko simu. Kwa hiyo kuanzia leo lile neno tusiliandike, iwe kwenye kifurushi au kwenye barua. Tutaandika "kalamu". Penseli darasani kwangu iliitwa kalamu ya risasi mpaka nilipostaafu, hilo unalikumbuka. Basi toa risasi, inabaki kalamu. Hata ukihojiwa hujamdanganya mtu, umefupisha tu. Nimelifikiria jambo hili asubuhi nzima na nimejipongeza mwenyewe. Mama yako sikumweleza, hapendi habari za bunduki, na baba yako mdogo angelitangaza sokoni. Ni siri yetu wawili.

Kaa nazo kwanza, kabati langu lina unyevu. Mahindi yakianza kubeba nitakuandikia "leta kalamu". Hapo utume siku hiyo hiyo.

Baba yako, mfupishaji


11 Machi

Baba, shikamoo.

Fedha zimefika zote, dereva ni shahidi. Mpe mama pole ya mbuzi.

Kalamu zimepanda tena. Bei siku hizi tunaiandika ubaoni kwa chaki, kwa sababu karatasi ukiibandika leo kesho unaibandua. Kalamu moja sasa inanunua tatu za mwaka jana. Daktari wa meno amesema akipata kalamu nzuri atatoa hata mara sita. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Bosi amesafiri kutafuta mzigo, nimebaki mwenyewe. Nafagia, nafuta kioo, nakaa. Mambo ya mshahara usiniulize, yatanyooka tu. Kalamu zako zipo. Kila asubuhi nafungua droo nazitazama, kumi na mbili, halafu nafunga.

Nimehama chumba. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Hiki ni kidogo kuliko kile, lakini kina dirisha.

Binti yako


4 Aprili

Binti yangu,

Leta kalamu.

Leo sina muda wa kusahihisha. Walikuja jana alfajiri, kumi na wanne. Ile yenye kutu nilifyatua ikalia tak, basi. Ya pili ikatoka, nikamwangusha mmoja, wenzake wakakimbia. Jioni wakarudi. Robo ya shamba la Fundi imelala chini. Watu wanapiga madebe kwa zamu, lakini nguruwe wameshayazoea, nadhani sasa wanayasubiri waje wale kwa muziki.

Fundi amekuja kukaa kwenye benchi tena. Nimewaambia wote kwamba Jumamosi ya wiki ijayo kifurushi kitakuwa hapa mezani kwangu. Wanasubiri neno langu, na mimi nasubiri lako.

Baba yako


9 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Kumbe unafungua tena lile darasa la jioni? Umefanya vizuri sana, ulikuwa umepooza mno nyumbani. Nimekununulia kalamu dazeni moja, nzuri, zenye kifutio kichwani, kwenye duka la vifaa vya shule hapa nyuma. Nimezifunga vizuri zisivunjike ncha.

Poleni kwa nguruwe. Tutaongea mengine baadaye, huku kazi ni nyingi.

Binti yako


16 Aprili

Binti yangu,

Utaona mwandiko umebadilika rangi. Nakuandikia kwa mojawapo ya kalamu zako. Ni nzuri, hazikwaruzi.

Nikueleze ilivyokuwa. Jumamosi walikuja watu kumi na mmoja. Fundi alikuwepo, Bwana Misitu alikuwepo, mama yako alikuwa mlangoni na ungo wake. Baba yako mdogo ndiye aliyekipasua kifurushi, kwa kisu, polepole, kwa heshima zote. Zikamwagika mezani nyekundu na nyeusi, mpya. Mimi nikazihesabu. Zilikuwa kumi na mbili. Nikazihesabu tena.

Halafu nikacheka. Nikawaambia, "Jamani, kosa langu. Nilitaka kumwandikia mtoto risasi, mkono ukaandika kalamu. Uzee huo." Wakacheka na wao, kidogo. Baba yako mdogo alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa viatu kinyume.

Shamba la Fundi limekwisha jana. Kwetu imebaki mistari minne upande wa choo.

Sikuulizi swali. Nakuambia tu kwamba hapa nyumbani wote wanajua kosa ni langu, na yeyote akikuandikia, ndivyo ilivyokuwa. Kama una jambo la kusema, niandikie mimi. Nitasubiri.

Baba yako


22 Mei

Mwanangu,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Mwandishi wa nyumba hii ni baba yako, lakini jambo hili siwezi kumwambia yeye aniandikie.

Mbona umekuwa kimya? Mwezi na zaidi. Kila Alhamisi siku ya lori la mbao baba yako anajikongoja na goti lake mpaka njia panda, anasimama, anarudi mikono mitupu.

Mwanangu, akili ya baba yako inaondoka. Sisemi mimi, anasema mwenyewe. Kila akiulizwa habari ya zile kalamu anajibu, "Nilichanganya maneno." Mtu aliyekuwa ananisahihisha hata nikiwa katikati ya kuomba Mungu. Watu wameacha kumletea fomu zao awajazie. Nimeficha kiberiti. Sokoni haendi peke yake. Na wala hagombi, hilo ndilo linaloniua. Ananiona naficha kiberiti, ananitazama tu.

Fundi Cherehani ameondoka, amekwenda kwa dada yake na cherehani yake kichwani. Hakumlaumu mtu kwa mdomo. Alipita tu bila kukaa kwenye benchi.

Baba yako mdogo amepeleka habari ofisi ya leseni. Kikao ni tarehe kumi na mbili Juni. Wanataka aandikwe kwamba hana akili timamu, waichukue leseni, na jina lake litoke pia kwenye kamati ya shule, maana mtu wa namna hiyo sahihi yake haina kazi. Wanahitaji ushahidi. Baba yako mdogo anasema zile barua alizokuandikia akichanganya maneno zinatosha kabisa. Basi zitume. Naona aibu kukuomba kitu kama hicho. Lakini mimi bado sijakubali moyoni, na nikiziona kwa macho yangu labda nitakubali.

Mama yako


25 Mei

Binti yangu,

Mama yako amekuandikia. Alikuwa na wino kwenye vidole na amenificha, kwa hiyo najua alichokuomba.

Barua zangu zichome. Zote, na hasa ile ya mwisho wa Februari. Waambie zilipotea ulipohama chumba. Kikaoni nitajibu wanavyotaka, nimeshafanya mazoezi. Wakiniuliza leo ni siku gani nitasita kidogo.

Leseni si kitu, na mzee kusahau si aibu. Aibu ni hilo lingine, na hilo sitaki mama yako alijue maisha yake yote.

Nilisema nitasubiri. Bado nasubiri.

Baba yako


4 Juni

Mama, shikamoo.

Barua za baba hizi hapa, zote, nimezifunga kwa uzi mweupe. Zangu ziko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati lake. Zitoe, uzipange katikati ya hizi kwa kufuata tarehe, halafu zisomwe kikaoni mbele ya anayetaka kusikia.

Anza na ya 26 Februari. Humo baba ananielekeza kwamba risasi tuziite kalamu, na sababu anaitoa. Halafu soma yangu ya 11 Machi uone kama nilielewa au sikuelewa. Baba hakuchanganya hata neno moja, Mama. Mimi ndiye niliyejifanya sijui.

Kumi na mbili zake nilikuwa nazo kwenye droo, na fedha ya mbuzi wako nilikuwa nimeshaipokea. Bosi aliposafiri hakuniachia mshahara, na hajarudi mpaka leo. Chumba cha kwanza sikuhama, nilifukuzwa. Hiki chenye dirisha nacho nikashindwa kukilipia, na tarehe 27 Machi nilikuta mwenye nyumba ameweka kufuli lake juu ya langu. Nililala kwa jirani, asubuhi nikaenda dukani na mfuko wangu wa nguo, nikakaa nyuma ya kaunta. Mchana daktari wa meno akapita kama kawaida yake, akauliza kwa upole kama kuna chochote nimeficha. Nikafungua droo.

Alilipa taslimu, hata risiti hakutaka. Kile kikaratasi chenye jina la Mwalimu nilikibandua kwanza nikakitia mfukoni. Sikutaka akione.

Nilijiambia mzigo ukija nitanunua nyingine kabla baba hajaandika. Mzigo haukuja. Jumatatu daktari alipita kunishukuru, akasema amevunja sahani kumi na moja kwa risasi kumi na mbili, na kwamba hajawahi kulenga vizuri hivyo. Mahindi ya Fundi Cherehani ndiyo hizo sahani, Mama. Nataka ujue yalikokwenda.

Barua ya "leta kalamu" ilipofika bado niliweza kusema kweli. Wangekuwa na siku chache za kujua kwamba hakuna kitu kinachokuja, wangeomba msaada kwa watu wa ng'ambo, wangevuna hata mabichi. Niliishika ile karatasi nikaona kwamba neno baba alilonipa lilinde mali yake linaweza kunificha mimi. Nikaenda duka la vifaa vya shule. Muuzaji aliniuliza nataka ngapi, nikasema dazeni, ili hata hesabu ifanane. Ndivyo nilivyokuwa na akili siku hiyo.

Baba alijua tangu Jumamosi ile. Akajitwisha yeye, na mimi nikamwachia mwezi mzima na nusu. Ameniandikia nizichome barua zote. Hiyo barua nayo imo humu. Sijawahi kumkatalia baba jambo, hili nimelikataa.

Mrudishie kiberiti chake.

Sijui nitakuja lini. Sijui kama mnataka nije.

Mwanao


20 Juni

Binti yangu,

Barua uliyomwandikia mama yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa la kusahihisha. Halimo.

Kikaoni nilikwenda nimejiandaa. Nilivaa shati bila kufunga kifungo cha juu, makusudi. Mwenyekiti akaniuliza leo ni siku gani, nikasita kama nilivyopanga, nikaona baba yako mdogo anainamisha kichwa kwa huruma, na nikajua kazi imekwenda vizuri. Ndipo mama yako akasimama na barua zenye uzi mweupe. Kifurushi chako alikipokea mwenyewe kwa basi, akakaa nacho siku tatu chini ya godoro tunalolalia wote wawili, na mimi sikuhisi kitu. Alisoma peke yake, hakumpa mtu, neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye mbuzi wake alisimama kidogo. Alipofika kwenye daktari wa meno aliomba maji.

Alipomaliza alizifunga tena kwa ule uzi mweupe. Mwenyekiti alifunga daftari lake. Baba yako mdogo alikuwa anaitazama kofia yake magotini, na njiani alinibebea kiti changu mpaka nyumbani bila kuombwa.

Kwa hiyo sasa wote wanajua nina akili timamu. Wameniomba radhi. Fomu zimeanza kuja, jana nimejaza tatu. Kiberiti kiko jikoni mahali pake. Na pamoja na hayo yote ningependa tungebaki pale tulipokuwa. Mzee aliyechanganyikiwa watu wanamhurumia, na binti yake akija likizo wanamsalimia. Hiyo nilikuwa nimeikubali, haikuniuma sana kama mlivyodhani. Sasa nikipita sokoni hawanihurumii tena, wananyamaza mpaka nipite, na ninajua jina lililokuwa mdomoni mwao ni lako. Wewe uliona vingine na umefanya ulivyoona. Sikuadhibu, sina adhabu ya jambo hili. Nimeumia tu. Nimejaribu kuliandika hilo kwa njia nyingine, lakini neno lake ni hilo.

Bunduki nimeirudisha ofisini kwa mkono wangu. Haikuwa kwa sababu ya akili. Risasi hakuna, na hata zikija, kwa bei hizo mimi si mnunuzi tena. Karani aliniuliza kama ndani kuna kitu. Nikamwambia aangalie mwenyewe.

Mama yako hajataja jina lako tangu siku ile. Anapika bila chumvi, na mimi nakula. Mpe muda. Fundi tumempelekea habari kwa dada yake, hajajibu.

Ukija, panda lori la mbao la Alhamisi. Nitakuwa njia panda kama kawaida.

Jambo moja limebaki. Katika barua ile umeeleza kila kitu, tarehe, kufuli, sahani, mpaka kikaratasi cha jina langu. Lakini hukuandika daktari alikupa kiasi gani. Mwezi wa tatu ulitaja mara sita, ila ule ulikuwa utani. Fedha siitaki, wala sikudai. Niandikie tu ilikuwa bei gani.

Baba yako